Aliyechimba Nyuma ya Ukuta Wangu

Walitaka kumchukua mwanangu kwa sababu ya shimo. Naandika hivyo mwanzoni kabisa ili mtu asije akadhani nasimulia habari za viazi. Viazi vimo, na wanyama wamo, lakini kilichonitoa kitandani alfajiri baada ya alfajiri na ungo wa majivu mkononi kilikuwa mtoto wa kike wa miezi saba, ambaye hata jino la pili alikuwa hajaota.

Nyumba ya wakwe zangu iko Mtumba, mashariki ya Dodoma. Ni tembe ya pande tatu na zizi la ng'ombe katikati, kuta za nguzo na fito zilizokandikwa, na juu yake paa la udongo mtupu, zito kiasi kwamba watu wazima hupanda kuanika mtama na lisilie. Chumba changu kilikuwa cha mwisho upande wa magharibi. Nyuma ya ukuta wake palikuwa na kipande cha ardhi ambacho hakuna aliyekitaka, na hapo ndipo nilipolima bustani yangu.

Mume wangu hakuwapo. Wadachi walikuwa wamekwisha kuifikisha reli Dodoma, sasa wanaisukuma kuelekea Tabora, na vijana wetu wakasukumwa nayo. Aliondoka mimba yangu ikiwa na miezi sita. Alisema atarudi kabla sijajifungua. Haya.

Na mimi nilikuwa nimesoma. Nilikaa shule ya misheni mpaka darasa la juu kabisa walilokuwa nalo kwa wasichana. Kusoma, kuandika, hesabu, kushona, na kilimo cha bustani, somo lililofundishwa na bibi Mdachi mwenye kofia pana. Kwa wakwe zangu jambo hilo halikuwa sifa. Mama mkwe aliligeuza kuwa jina langu. "Msomi, ugali unaungua." "Msomi, ndama wamenyonya, wewe unatazama mawingu." Nilizoea, na kusema kweli nililitegea sikio, maana siku asiponiita Msomi nilijua amekasirika kwelikweli.

Bibi Mdachi alitufundisha kwamba ardhi kavu hufunikwa. Unalaza mabua juu ya matuta, unayapanga kama mkeka, jua halifiki kwenye udongo, na udongo nao unayala mabua polepole mpaka yanageuka kuwa mbolea. Nikafanya hivyo. Baada ya mavuno nilibeba mabua ya uwele na ya mtama, mzigo juu ya mzigo, nikayalaza. Niliyalaza kwa unene zaidi kwenye tuta la maharage lililogusa ukuta wangu, kwa kuwa hapo ndipo nilipomwaga maji ya kumwogeshea mtoto.

"Na ng'ombe watakula nini?" mama mkwe aliuliza.

"Yapo ya kutosha, mama."

"Unawalisha udongo mabua. Udongo una meno?"

Nilimcheka kimoyomoyo. Kicheko hicho nimekilipia.

Asubuhi moja ya wakati wa palizi nilitoka nikakuta bustani imechimbwa. Mashimo madogo kumi na moja kwenye matuta, na moja kubwa pale pale ukutani, ambalo ningeweza kuingia mpaka kiunoni. Nilikuwa bado nayatukana yale madogo mama mkwe alipopita na kigae cha makaa, ametoka kuchukua moto kwa jirani. Aliliona lile kubwa. Kigae kikamponyoka, makaa yakatawanyika miguuni pake na hata hakuruka.

"Mhanga," alisema. Akageuka akaenda moja kwa moja kwa mumewe.

Asiyetoka kwetu sharti aelezwe. Mhanga ni yule mnyama mwenye masikio ya punda na pua ya nguruwe, anayechimba kuliko mnyama yeyote na ambaye unaweza kuzeeka hujamwona. Akichimba porini ni nyama tu, atakayempata ale. Akichimba kwenye ukuta wa nyumba, wazee husema amechimba kaburi, na kaburi hilo ni la aliye mdogo kuliko wote katika chumba hicho.

Katika chumba changu tulikuwa wawili.

Shauri lilikatwa kabla ugali wa mchana haujapikwa. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani usoni wala hawasemezani, ni heshima, kwa hiyo yeye alikaa nje akichonga mpini wa jembe, mimi nikakaa ndani nyuma ya mlango, na wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu, akasimama kizingitini kupeleka maneno. Kati yangu na mzee palikuwa na hatua tatu.

"Mwambie mama mtoto," alisema baba mkwe, "mwezi ukiandama, mtoto atakwenda Kongwa kwa dada yangu. Ana mbuzi wawili wa maziwa. Hatakufa njaa."

Wifi akageuka. "Wifi, baba anasema..."

"Nimesikia. Mwambie mtoto ananyonya."

"Baba, anasema mtoto ananyonya."

"Mwambie asijibu kabla hujamfikishia."

"Usijibu kabla sijakufikishia."

"Basi nifikishie upesi!"

"Niwafikishie nini, na nyote mna masikio?" wifi alisema, akapigwa jicho na baba yake.

Niliuliza kwa nini nisiende na mwanangu. Jibu lilikuja kwamba mwenye ukuta haondoki, akiondoka shimo linamfuata. Niliuliza atakaa huko mpaka lini. Mpaka aote meno yote. Nilisikia kisu cha baba mkwe kikiparua mpini, taratibu, kama mtu anayezungumzia mbuzi atakayehamishwa zizi.

"Mwulize baba, nani amemwona mhanga?"

Kisu kikasimama.

"Mwambie kuna nungunungu, kuna nguchiro, kuna ngiri, kuna nyegere, kuna fuko. Wote wanachimba. Mwambie mtu hahukumiwi kwa shimo ambalo mwenyewe hajulikani. Mwezi utaandama siku ya tano. Anipe asubuhi nne. Nikimwonyesha kuwa si mhanga, mtoto habanduki."

Wifi alifikisha yote, tena kwa mkono kiunoni, nadhani aliongeza chumvi kidogo.

"Na akiwa mhanga?" aliuliza mzee.

Hapo ndipo nilipojitia kitanzi mwenyewe, kwa ulimi wangu wa shule. "Akiwa mhanga, nitamfunga mtoto mgongoni mwa wifi kwa mikono yangu."

"Amesikika," alisema baba mkwe.

Siku ile ile nilianza na yale madogo. Mtu akiniuliza leo mnyama gani kamchimbia bustani, namwambia asianze na hasira, aanze na mdomo wa shimo, kisha atazame udongo umetupwa wapi, kisha atazame kilicholiwa. Mashimo saba yalikuwa madogo, mapana juu na membamba chini kama faneli, na ndani hakuna kiazi kilichoguswa. Nilipekua nikakuta mabaki ya buu jeupe lililokatwa katikati. Anayechimba hivi hataki mazao, anataka wadudu. Nikakaa na mtoto mgongoni, nikipukuchua maharage, nikitazama. Jua lilipokuwa utosini wakaja nguchiro sita kwa mstari, mkia wa huyu kwenye pua ya huyu, wakaanza kunusa na kukwangua, faneli juu ya faneli, kama wamelipwa.

"Wifi, njoo uone wachimba makaburi!" niliita.

Wifi alikuja akacheka mpaka wakakimbia.

La nane lilikuwa kando ya njia, limeviringika kama bakuli, udongo wake laini kama unga. Nilikuwa bado nalitafakari, mwenyewe akaja akalala ndani, akajirushia vumbi na kufumba macho kwa raha. Alikuwa kuku wa mama mkwe, yule mwenye kishungi.

"Mama," nilisema, "naye huyu anamchimbia nani?"

"Umeolewa, au umekuja kuwinda?" alinijibu. Lakini alimfukuza kuku.

Yakabaki matatu madogo, ya kwenye tuta la viazi, na lile kubwa. Jioni nilichota majivu jikoni, nikayapepeta kwa ungo mpaka yakawa laini, nikayanyunyiza kwenye matuta ya viazi na kulizunguka shimo la ukutani. Majivu hayasemi uongo. Anayepita anaandika, kwa hati yake mwenyewe.

Asubuhi ya kwanza kulikuwa na upepo, yote yalipeperuka. Niliapa kiapo ambacho misheni hawakunifundisha, na jioni nikanyunyiza tena.

Asubuhi ya pili mama mkwe alifika bustanini kabla yangu, nikamsikia akipiga ukemi. Nilitoka mbio. Alikuwa amesimama mkono mdomoni, anaonyesha majivu kwenye tuta la viazi. Nyayo. Kisigino, vidole vitano, uvungu wa mguu. Nyayo za mtoto mchanga, zimetembea kutoka uzio mpaka kwenye viazi na kurudi.

Sitadanganya, nilirudi chumbani nikamshika mwanangu nyayo zote mbili, safi, zina joto la usingizi, hazina hata chembe ya majivu. Nikarudi nje nimemkumbatia. Nikajilazimisha kutazama viazi. Vilikuwa vimefukuliwa juu juu, vimeng'atwa, vingine vimeachwa nusu, na kila alama ya jino ilikuwa pana kama patasi. Nikaifuata njia ya nyayo mpaka kwenye uzio wa miiba. Pale lilipokuwa pengo, kwenye mwiba, ulining'inia mwiba mwingine, mrefu, mweusi kwa mweupe.

"Mama," nilimwita, "huyu hapa mtoto wako." Nikamtupia ule mwiba wa nungunungu.

Aliuokota. Aliugeuza geuza. "Nungunungu ana mguu kama huu?"

"Kama huu hasa. Mtu humwona mara mia lakini hatazami miguu, anaogopa mgongo."

Aliuchomeka mwiba ule nyweleni, akaenda zake. Siku nzima hakuniita Msomi. Nikajua mambo ni mazito.

Kwa hiyo mashimo madogo yote kumi na moja yalikuwa na wenyewe. Asubuhi ya tatu majivu ya kulizunguka shimo kubwa yalikuwa shwari, hakuna aliyepita. Nikaanza kuimba. Nilimwambia wifi kwamba hilo huenda ni la nyegere aliyefuata asali ya ardhini akakosa, na hatarudi. Nilisema kama mwenye uhakika. Sikuwa nao. Nilikuwa nimeingiza mkono mle ndani na kupapasa mikwaruzo kwenye udongo mgumu, mirefu kuliko kidole changu cha kati, na nilikuwa nimenyamaza.

Mchana huo tulikuwa tunasaga uwele, mimi na mama mkwe, kila mtu na jiwe lake. Alisema bila kuinua macho, "Wa tatu wangu alikuwa na umri huo huo."

Sikujua kwamba aliwahi kuwa na mtoto mwingine. Hata wifi hakujua.

"Shimo lilikuwa hivyo hivyo. Ukutani. Nikaambiwa nimpeleke kwa dada wa mzee, nikakataa. Nilikuwa na mdomo kama wako." Alisaga kidogo. "Masika yakaja, akaenda."

"Alikwenda kwa ugonjwa gani, mama?"

"Saga," alisema.

Nikasaga. Sasa mnajua kwa nini simwandiki kama mtu mbaya. Alikuwa anampora mwanangu ili amwokoe, na mimi nilikuwa namchukia huku nikimwelewa, na hakuna hasira inayochosha kama hiyo.

Asubuhi ya nne nilitoka kukiwa kweupe tu, ng'ombe bado wamelala. Nikaliona kabla sijalikaribia. Shimo lilikuwa limeongezeka. Udongo mpya, mwekundu, umetupwa nyuma kwa lundo moja, kama unavyotupwa na mtu mwenye jembe. Na kwenye majivu, pande zote, kucha tatu tatu, ndefu, zimezama, na katikati ya nyayo mstari mzito wa mkia, kama mtu aliyeburuta mchi.

Alikuwa mhanga. Hapakuwa na nyegere wala ngiri. Ningeweza kubishana na yeyote duniani lakini si na majivu niliyoyapepeta mwenyewe.

Ufagio ulikuwa umeegemezwa ukutani. Niliuchukua. Naandika na hili: nilifagia. Nilifagia unyayo wa kwanza, nikafagia wa pili, na ningezimaliza zote, ningesema ni nyegere, na ningeapa kwa kitabu chochote ambacho wangeniletea. Mama anayeniona mwongo kwa hilo, mtoto wake hajawahi kufungiwa safari.

Nilipofika ukingoni mwa shimo nifagie na lundo, mabua yangu yakabomoka chini ya ufagio. Yalikuwa maganda matupu. Nje bua zima, ndani udongo, na kwenye udongo mchwa, weupe, wanene, wanakimbia mwanga. Nilipiga magoti nikafunua tuta lote la maharage. Mabua niliyoyapanga kama mkeka yalikuwa yamegeuka kuwa mji wa mchwa, na njia zao za udongo zilitoka kwenye mabua zikaingia ukutani. Mhanga hakufuata mtoto wala maharage yangu, ambayo hakuyagusa hata jani. Alifuata chakula chake mpaka kilipompeleka.

Na kilipompeleka ni kwenye nguzo ya chumba changu. Niliingia ndani ya shimo. Mhanga alikuwa amekwangua udongo wa ukuta mpaka nguzo ikawa wazi, nami nikaisukuma kwa kidole. Kidole kikazama. Nikasukuma ya pili yake, ikatoa unga. Mtu anayelala chini ya paa la udongo ambalo watu wazima wanatembea juu yake hahitaji kuambiwa zaidi.

Bibi Mdachi hakutuambia hili kwa sababu kwao labda ni udongo unaoyala mabua. Kwetu udongo una meno, kama mama mkwe alivyosema, na nilimcheka. Aliyemwita mhanga ni mimi.

Nikaacha kufagia. Nikaingia chumbani, nikamchukua mwanangu akiwa bado amesinzia, nikarudi nikakaa ndani ya lile shimo, mgongo kwenye udongo, nikampa ziwa.

Walinikuta hivyo. Wifi alikuwa na mbeleko ya ngozi mkononi, macho yamevimba. Nyuma yake mama mkwe, na mbali kidogo, uso ameuelekeza zizini kama adabu inavyotaka, baba mkwe.

"Wewe!" mama mkwe alilia. "Unamnyonyeshea mtoto kaburini! Toka!"

"Ni mhanga," nilisema. "Majivu yale pale. Mbili nimezifagia, zilizobaki zinatosha."

"Mwambie," baba mkwe akaanza, kwa wifi, "mwambie alitoa neno."

Wifi alifungua mdomo. Nikamtangulia.

"Baba, nimesikia."

Hata mtoto aliacha kunyonya. Wifi alifunika uso kwa mbeleko. Katika nyumba ile hakuna mke wa mwana aliyewahi kumwita mzee moja kwa moja, na mimi nilimwita kutoka shimoni, kifua wazi, miguu ina matope.

"Nilitoa neno na ninalivunja," nilisema. "Anayetaka mtoto huyu ashuke humu amchukue. Lakini kwanza mama anijibu. Mama, wa tatu wako, alikufa kwa ugonjwa gani?"

"Usiniulize."

"Alikohoa? Alihara? Alipata homa?"

"Nimesema usiniulize!"

"Alikufa kwa nini, mama?"

Jibu halikutoka kwake, lilitoka kule zizini, kwa sauti niliyozoea kuisikia ikimwambia mtu mwingine aniambie.

"Paa," alisema baba mkwe. "Mvua ilinyesha siku tatu. Paa lilishuka."

Niliinua mkono wangu na kuchomeka kidole kwenye nguzo, mbele yao, mpaka kwenye fundo la pili. Unga ukamwagikia nywele za mwanangu.

"Mhanga hakuja kuchimba kaburi," nilisema. "Kaburi liko humu ukutani, na mchwa ndio wanaolichimba, na mimi ndiye niliyewalisha kwa mabua yangu. Yeye amekuja kuwala. Mkimpeleka mtoto Kongwa mtafukia shimo, mtashukuru, na mimi nitabaki nimelala chini ya nguzo hii. Na masika yakija mtasema shimo lilimkosa mtoto likamchukua mama."

Hapo baba mkwe alifanya jambo ambalo mpaka leo wifi huniigizia nikiwa na huzuni. Alikuja kinyumenyume. Mzee mzima, mrefu, mgongo mbele, uso bado kwa ng'ombe, hatua kwa hatua, mpaka kisigino chake kikafika ukingoni mwa shimo. Akapeleka mkono nyuma, akaupapasa ukuta, akaipata nguzo. Akachomoa kile kisu chake cha kuchongea na kukitia. Kiliingia chote, mpaka kwenye mpini, bila sauti.

Hakukitoa upesi. Nilimwona mabega tu.

"Ile nguzo ya zamani," alisema polepole, hajui anamwambia nani, "hatukuitazama. Tulilia, tukahama."

Mama mkwe alikaa chini pale pale alipokuwa. Alikuwa na ule mwiba wa nungunungu bado nyweleni. Nilidhani atalia. Badala yake aliokota bonge la udongo akanirushia, likanipiga begani.

"Toka humo, Msomi."

"Nitoke na nani?"

"Toka tu!"

"Nitoke na nani, mama?"

"Na mtoto wako!" alipiga kelele. "Wako! Nani amekuambia nataka mtoto mwenye mdomo kama wa mama yake? Toka, paa litawaangukia wote wawili!"

Nikatoka. Alimchukua mtoto nipate kupanda, akamfuta unga wa nguzo kichwani kwa mate na kidole gumba, akamrudisha. Nilihesabu pumzi mpaka aliponirudishia. Alinirudishia.

Siku ile hatukulala katika chumba changu, tulibanana na wifi. Mabua yote niliyabeba mwenyewe na kuyachoma mbali, hakuna aliyenisaidia na sikuomba. Baba mkwe aliwaita ndugu zake, wakashusha paa la upande wa magharibi, wakang'oa nguzo tisa. Sita zilikuwa maganda. Wakaweka za mpingo, ambazo mchwa hawazigusi, wakalalamika njia nzima jinsi mpingo unavyoua shoka. Mhanga alirudi mara moja, akanusa, akakuta hapana kitu, akaenda kuchimba kwenye kichuguu ng'ambo ya korongo.

Barua niliyompelekea mume wangu siku ya kwanza ilijibiwa jambo likiwa limekwisha, kwa mwandiko wa mtu mwingine maana yeye hakusoma. Ilisema: wasikilize wazee. Nimeitumia kuwashia moto.

Mama mkwe hajaacha kumwogopa mhanga, na sijamwomba aache. Katika lile shimo, lililokuwa limechimbuliwa vizuri kuliko jembe lolote, nilipanda maboga. Amesema hatakula boga lililotoka mle, hata dunia ipatwe na njaa. Mlenda wa majani yake anakula. Namwona, nanyamaza.

Kwa kosa la kusema na baba mkwe moja kwa moja, mila ilitaka nitoe kuku, nami sikubisha, heshima ni heshima. Nilimtoa yule mwenye kishungi, nikamnunua kwa mama mkwe kwa debe la maharage. Wifi alimpeleka, akarudi.

"Baba anauliza," alisema, "kuku huyu ni wa kutubu uliyoyasema?"

Mwanangu alikuwa ameshika ukuta mpya kwa mikono miwili, anajaribu kusimama. Mzee alikuwa nje, hatua tatu, kisu kinaparua mpini. Niliongea na wifi, lakini sikupunguza sauti.

"Mwambie kuku ni wa kumsemesha. Niliyoyasema hayana kuku."